Toyota 86 yangu: nilivyohama rimu za inchi 19 nikarudi 17

Nina Toyota 86 ya mwaka 2013, nyekundu, gia za mkono, na kwa miezi minne niliiendesha juu ya rimu za inchi 19 kwa sababu zilikuwa zinapendeza. Sina utetezi mwingine. Nilizikuta zimetundikwa dukani, nyeusi tititi, nakala ya muundo mmoja maarufu wa Kijapani. Muuzaji akaniambia, "Madam, mzee akiwekewa hizi, askari watamsimamisha waulize bei." Nikamjibu gari ni yangu. Akacheka, akanipunguzia 2,000.

Ili zitoshe ilibidi nivae tairi za 215/35, yaani upana wa milimita 215 na ukuta wa asilimia 35 ya upana huo. Hapo ukuta wa tairi unabaki kama milimita 75, wakati tairi iliyokuja na gari, 215/45R17, ina karibu 97. Sentimita mbili tu na ushee. Mvua za Aprili zilipoanza nilijua sentimita mbili ni nini: shimo lililojaa maji Jogoo Road, kishindo kimoja, na mdomo wa ndani wa rimu ukapata ufa. Fundi akauchomelea. Baada ya wiki nikawa nakuta tairi imelala kila asubuhi. Wakiniuliza rimu zilienda wapi, nawaambia zilidonolewa na Jogoo.

Safari hii nikaenda Kirinyaga Road na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi. Shida ya 86 ni jina lake. Ukisema Toyota, unaletewa rimu za 5x114.3, yaani matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 114.3, lakini gari hili lilitengenezwa pamoja na Subaru na chini ni Subaru kabisa: PCD (hicho kipimo cha duara la boliti) ni 5x100, tundu la kati milimita 56.1. Duka moja walitaka kutoboa rimu upya ili boliti ziingie. Niliondoka bila kuaga. Dawa niliyoipata ni kuacha kutaja Toyota na kuulizia "za Impreza", na Nairobi hii Subaru zimejaa kama kunguru. Ila STI, zile Impreza za mbio, za kuanzia 2005 ni 5x114.3, kwa hiyo hata ukiambiwa ni za Subaru, pima.

Nilichochukua ni Enkei RPF1 zilizotumika, ex-Japan, upana wa inchi 8, ofuseti +45 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari), shilingi 90,000 zote nne bila tairi. Za kiwandani zilikuwa upana wa 7, ofuseti +48. Ukipiga hesabu, rimu mpya inatoka nje karibu milimita 16 na kuingia ndani karibu 10. Kwangu haigusi madigadi hata nikibeba watu na kukata kona kwa nguvu. Nilirudishia tairi za 215/45.

Kabla ya kulipa niliomba kila rimu izungushwe kwenye mashine ya kubalansi, bila tairi. Moja ilikuwa inacheza waziwazi. Muuzaji alinung'unika, akaibadilisha. Angalia pia alama ya JWL, ya viwango vya usalama vya rimu vya Japani, na vipimo vilivyoandikwa kwenye chuma chenyewe, ingawa anayenakili muundo hashindwi kunakili na herufi.

Uzito ndio ulionifurahisha kuliko yote. Nilipima rimu tupu kwenye mizani ya jirani yangu anayeuza viazi: RPF1 ni nyepesi kuliko ya kiwandani kwa zaidi ya kilo mbili, kila moja. Gari halijaongezeka nguvu, lakini linachomoka upesi zaidi, na kwenye matuta madogo gurudumu linapanda na kushuka bila kukupiga mgongoni. Zile za 19 zilikuwa zinanipigia ngoma kiunoni.

Halafu kikaja kitetemeshi. Nikiwa Expressway, nikifika 80, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa huko juu, usukani unatetemeka kama mtu mwenye malaria. Fundi akasema ni balansi. Tukabalansi mara mbili, pesa ikaenda, tetemeko likabaki. Kumbe RPF1 ina tundu la kati la 73, na habu ya gari, kile kitovu rimu inapokaa, ni 56.1, rimu ilikuwa imening'inia kwenye boliti tu, haijakaa katikati. Pete nne za plastiki za kuziba hiyo nafasi zilimaliza ugonjwa siku hiyo hiyo. Bei yake haifiki hata ya kubalansi mara moja, na hakuna aliyenitajia.

Nati nazo karibu ziniletee balaa. Fundi alichukua za Toyota, M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na nafasi ya 1.5 kati ya nyuzi. Gari hili linatumia M12x1.25. Nati iliingia mizunguko miwili ikakaza, naye akawa anaifuata spana ndefu, nilimshika mkono. Angelazimisha angekula uzi wa boliti. Sasa nafunga mwenyewe kwa spana ya kipimo, 120 Nm.

Malalamiko yangu? Rangi ya fedha imeshachubuka kwenye ukingo wa maegesho, na kijana anayeniosha gari anaamini nilirudisha za kiwandani kwa kukosa pesa. Tatu za 19 zilizosalia ziko chini ya ngazi. Ya nne, yenye ufa, nimeipeleka kwa fundi Gikomba aifunge kioo juu iwe meza ya sebuleni.