Setilaiti yetu au picha za bure?

Aprili 15, 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California, Marekani, kwa gharama ya takriban shilingi milioni 50. Upande wa pili zipo setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya: picha zake ni bure, huonyesha ardhi kwa usahihi wa mita 10 (kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10), na hupita eneo lile lile takriban kila siku 5.

Kwa afisa kilimo anayetaka kujua mahindi ya Trans Nzoia yamenyauka wapi, Sentinel inamtosha kabisa. Jani lenye afya huakisi sana miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Lililokauka huakisi kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye kompyuta. Setilaiti ndogo kama Taifa-1 haifui dafu hapo.

Ila picha za bure hazimfundishi mtu kuunda setilaiti. Mwaka 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa karibu na Malindi. Jina lilikuwa letu, lakini roketi na setilaiti vilikuwa vya wageni. Taifa-1 walau ilisanifiwa na wahandisi Wakenya, pamoja na kampuni ya Bulgaria.

Mimi ningeanza kwa kuajiri wachambuzi wa picha katika kila kaunti, kisha setilaiti ya pili.