Uzito Usioandikwa: Magongo Matatu ya Softiboli Mikononi mwa Mpigaji wa Nguvu

Katika softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli, mpigaji anayewekwa wa nne katika orodha hutarajiwa kuwarudisha wenzake waliokwisha kufika kwenye besi, yaani vituo vya kukimbilia, na ikiwezekana kuupeleka mpira nje ya uzio. Nimelishika jukumu hilo kwa miaka kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini, kama wanavyoamini wengi wenye mabavu, kwamba gongo zito zaidi ndilo hupeleka mpira mbali zaidi. Msimu uliopita niliyatumia kwa zamu magongo matatu ya miundo tofauti katika softiboli ya urushaji wa kasi, na tathmini hii imetokana na zamu hizo. Sitayataja kwa majina magongo yenyewe niliyoyatumia, kwa kuwa ninachokipima hapa ni muundo wala si nembo. Pale patakapohitaji mfano, nitataja gongo linalofahamika na wengi.

Kila gongo huwa na namba mbili zilizoandikwa kwenye shingo au karibu na mpini: urefu kwa inchi na uzito kwa aunsi. Ukitoa urefu katika uzito unapata namba hasi ambayo wachezaji huiita dropu, kwa hiyo gongo la inchi 33 lenye aunsi 23 lina dropu ya -10. Kanuni za mchezo huruhusu urefu usiozidi inchi 34, kipenyo kisichozidi inchi 2¼, yaani takriban sentimita 5.7, na uzito usiozidi aunsi 38. Hakuna mpigaji ninayemjua anayekaribia kikomo hicho cha uzito. Wenye nguvu huchagua dropu ya -8, -9 au -10, na wenye kutegemea mbio na wepesi wa mikono huenda hadi -11, -12 au zaidi ya hapo.

Namba hizo mbili ni za kweli, lakini hazisemi lile lililo muhimu kuliko yote kwa mpigaji wa nguvu. Nilipoyaweka mezani magongo mawili yenye maandishi yale yale, inchi 33 na aunsi 23, kisha nikayalaza moja baada ya jingine juu ya kidole cha shahada hadi yakatulia bila kuegemea upande wowote, niliweka alama ya utepe pale kidole kilipokuwa. Alama za magongo hayo hazikulingana: ya gongo moja ilikuwa mbele zaidi kuelekea ncha, kwa upana wa vidole viwili hivi. Mizani ya kawaida ingeyatangaza kuwa sawa, na karani yeyote angeyauza kama ndugu, lakini mikononi yalikuwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Sababu yake ni kwamba ukaidi wa kitu kinachozungushwa hukua kwa mraba wa umbali: gramu zile zile zikisogezwa mara mbili mbali zaidi na mikono hupinga mzunguko mara nne. Kwa hiyo aunsi moja iliyofichwa karibu na kifuniko cha ncha huchosha mikono kuliko aunsi moja iliyoko karibu na mpini, ingawa kwenye maandishi aunsi ni aunsi.

Ukaidi huo haungekuwa na maana kubwa kama mpigaji angekuwa na muda. Hana. Katika mechi za wanawake watu wazima, mrushaji husimama futi 43 kutoka kwenye besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, takriban mita 13.1, na huuachia mpira akiwa ameshapiga hatua ndefu kuelekea mbele. Mpira unaokwenda kilomita 105 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda unaokaribia sekunde 0.4, na ndani ya muda huo lazima auone, aamue, kisha azungushe. Kwa kasi hiyo, kuchelewa kwa sekunde moja ya mia kunamaanisha kwamba mpira umeshasogea takriban sentimita 29 zaidi ya pale ulipotakiwa kukutana nao. Mpigaji mwenye misuli mikubwa na gongo linalochelewa ni mtu anayepiga hewa kwa nguvu nyingi.

Gongo la kwanza lilikuwa la alumini, la kipande kimoja, lenye uzito uliosogezwa mbele. RockeTech ya Anderson, yenye dropu ya -9, ndiyo mfano unaotajwa mara nyingi zaidi katika kundi hili. Sifa yake ya kwanza ni kwamba liko tayari tangu siku ya kwanza, kwa kuwa chuma hakihitaji kulainishwa, na sifa ya pili ni kwamba linapoupata mpira vizuri haliachi shaka yoyote. Mpira wangu mrefu kuliko yote msimu ule ulitoka kwenye gongo hili, tena mapema katika mechi, dhidi ya mrushaji aliyekuwa bado hajapata joto.

Shida ilianza baadaye. Nilikuwa na mazoea ya kupuliza unga wa miguu, ule wa kopo, juu ya tumbo la gongo, yaani sehemu nene ya kugongea, kabla ya zamu ya mazoezi, ili kila mpira uache alama yake kwenye weupe ule. Katika mipigo ishirini ya kwanza alama zilikusanyika mahali pamoja, kiasi cha inchi sita kutoka kwenye ncha, pale ambapo gongo halitetemi na mpira huruka bila mikono kuhisi chochote. Nilipolirudia jaribio hilo mwishoni mwa mazoezi, mikono ikiwa imechoka, alama zilikuwa zimetawanyika, nyingi zikishuka kuelekea mpini. Wala sikuwa nimehisi kwamba nimechelewa. Kila mpigo wa namna hiyo ulinirudishia mtetemo mkali hadi kwenye kiwiko, kwa sababu gongo la kipande kimoja halina kiungo cha kuumeza. Na kuna mrusho wa polepole, ule unaofanana na wa kasi mpaka unapoachiwa: gongo lenye kichwa kizito likishaanza safari halirudishwi katikati ya njia, nami nilitolewa mara nyingi kwa mzunguko ambao nilitamani kuuzuia.

La pili lilikuwa la nyuzi za kaboni, la vipande viwili vilivyounganishwa shingoni, na uzito wake ulikuwa umesambazwa sawasawa. Xeno ya Louisville Slugger ni mfano wa wazi wa muundo huu, na Ghost ya Easton imejijengea jina kwa kuweka ukuta wa pili ndani ya tumbo la gongo. Ukuta wa kaboni hubonyea kidogo mpira unapogonga, kisha hurudi na kuusukuma. Kwa hiyo mpira wenyewe haubonyei sana na hivyo haupotezi nguvu nyingi katika kujibonyeza. Hapo ndipo sehemu kubwa ya umbali inapotoka, wala si katika uzito wa gongo. Niliona hilo kwa macho yangu: kwa gongo hili sikupata ule mpira mmoja wa kusimuliwa, lakini mipira iliyokwenda mbali ilikuwa mingi zaidi, na iliendelea kuja hadi awamu ya saba, ile ya mwisho. Dhidi ya mpira unaopanda, ule unaokuja kifuani na kuwafanya wapigaji wengi kuuinua juu kwa mdakaji, wepesi wa kichwa cha gongo ulinisaidia kufika juu kwa wakati.

Hapa ni lazima niseme neno kuhusu madai yanayoandikwa kwenye maboksi. Watengenezaji wa magongo ya vipande viwili hudai kwamba shingo inayopinda huchapa kama mjeledi na kuongeza nguvu, ilhali wale wa kipande kimoja hudai kwamba ugumu ndio unaohifadhi nguvu isipotee. Ajabu ni kwamba madai haya yanapingana na yote mawili huuza. Mpira hukaa kwenye gongo kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda mfupi mno kwa mtetemo kusafiri hadi mpinini na kurudi, na kwa hiyo kile kinachofanyika kwenye shingo na mikononi hakina la kuongeza wala kupunguza kwa mpira ambao umeshaondoka. Kiungo cha shingo ni cha kuilinda mikono. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa mpigaji aliyechapwa na mtetemo mara mbili hulegeza mzunguko wake wa tatu bila kujua, lakini mtu alinunue kwa sababu hiyo, asilinunue kwa ajili ya mjeledi.

Gongo la tatu lilikuwa la kaboni pia, la vipande viwili, dropu ya -9, na lilikuwa na uzito kidogo tu uliosogezwa mbele. Kwenye kidole, alama yake ya utepe iliangukia katikati ya zile mbili za awali. Nilihitaji wiki tatu kulizoea, hasa mipira ya ndani iliyokuja karibu na mikono, na katika wiki hizo nilidhani nimekosea kulichagua. Baada ya hapo alama za unga zilirudi kukusanyika, zikabaki hivyo hata mwishoni mwa mazoezi, na mipira iliyogongwa ikawa na mruko wa chini na mrefu ambao gongo la pili halikunipa. Hili ndilo lililobaki kwenye mkoba wangu.

Magongo ya kaboni hudai uvumilivu ambao yale ya alumini hayaudai. Yanapotoka kiwandani ukuta wake bado ni mgumu, na huhitaji mipigo kati ya 150 na 300, kwa nguvu inayoongezwa hatua kwa hatua, huku gongo likigeuzwa robo mzunguko kila baada ya mpigo ili lilainike pande zote. Kuna wanaofupisha njia kwa kulibana kati ya roli au kulichonga kwa ndani. Kanuni zinakataza hila hizo mbili, na kuchonga hufupisha pia maisha ya gongo lenyewe. Mipira ya mashine yenye vishimo vishimo ni migumu kuliko mipira ya mechi na haifai kabisa. Vilevile baridi: chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi mpira huwa mgumu na kaboni hupoteza unyumbufu. Gongo langu la kwanza la kaboni, la miaka ya nyuma, lilikufa hivyo hivyo asubuhi moja ya baridi. Sikuona ufa wowote. Nilisikia tu mlio uliobadilika, kavu na mfupi, na nilipolitikisa, kitu kidogo kilicheza ndani. Mwamuzi alilitoa kabla ya mechi, na alikuwa na haki, kwa sababu gongo linalocheza kitu ndani haliruhusiwi kuingia uwanjani. Tangu siku hiyo hubeba gongo la alumini kwa ajili ya siku za baridi na kwa ajili ya mashine.

Kabla ya kulipa chochote, mnunuzi aangalie mihuri ya idhini iliyoko kwenye gongo. USA Softball, shirikisho la softiboli la Marekani ambalo hadi mwaka 2017 lilifahamika kama ASA, lina muhuri wake. USSSA, chama kingine cha Marekani kinachoandaa mashindano, kina wake. Na mashindano ya kimataifa hufuata orodha ya magongo yaliyoidhinishwa na WBSC, shirikisho la dunia la besiboli na softiboli. Muhuri mmoja hauchukui nafasi ya mwingine, na orodha hubadilika, hivyo gongo lililokubaliwa msimu mmoja linaweza kukataliwa msimu unaofuata. Gongo la besiboli, ambalo tumbo lake mara nyingi ni nene kuliko inchi 2¼, halipiti kwenye pete ambayo mwamuzi huitumia kupima kipenyo. La softiboli ya urushaji wa polepole linaweza kupita kwenye pete, ila limetengenezwa kwa mpira unaoshuka taratibu kutoka juu, na mara nyingi uzito wake ni aunsi 26 au zaidi. Dhidi ya mrusho wa kasi ni mzigo tu.

Jaribio ninalolipendekeza kwa mpigaji wa nguvu ni la uchovu. Kupima gongo dukani kwa mizunguko mitatu, mwili ukiwa mpya, ni kujidanganya, kwa kuwa kila gongo ni jepesi kwa dakika ile. Aombe kulijaribu la mwenzake mwishoni mwa mazoezi, baada ya mipigo themanini au mia, dhidi ya mrushaji halisi na si mpira uliotulia kwenye kigingi, kisha aitazame mipira ya ndani pekee. Ikiwa bado anaigonga kwa tumbo la gongo na kuipeleka mbele yake, anaweza kupanda hadi dropu nzito zaidi au kusogeza uzito mbele kidogo. Ikiwa inampiga karibu na vidole, au yote inatoka nje ya mstari upande ule ambao mpigaji aliyechelewa huupeleka mpira, basi ashuke aunsi moja bila aibu. Mimi mwenyewe huanza msimu na lile la tatu, na katika siku ya mechi mbili mfululizo, mechi ya pili huichezea lile la pili, lenye dropu ya -10 na kichwa chepesi.