Show Me a Hero: tamthilia ya baraza la madiwani iliyotukalisha Walukuba hadi usiku

Nimeangalia tamthilia nyingi za siasa, na karibu zote ni za marais, majasusi na wanajeshi. Show Me a Hero ndiyo ya kwanza kunishika kwa kikao cha madiwani. Ina vipindi sita tu, kila kimoja kama saa moja, na sehemu kubwa ni watu wazima wanaobishana ukumbini kuhusu mahali pa kujenga nyumba 200 za wapangaji wenye kipato kidogo. Ukisikia hivyo utadhani ni ya kumletea mtu usingizi. Hapa kwetu Walukuba, Jinja, Uganda, hakuna aliyesinzia. Tulianza watu wa nyumbani peke yetu, lakini milango yetu iko karibu karibu na sauti haijifichi, kwa hiyo kufikia kipindi cha pili sebule ilikuwa imejaa majirani na mimi nimekuwa mkalimani. Kiingereza chake ni cha mbio, cha mitaani, na mtu asiyekizoea hupotea hata kama maandishi ya chini yapo. Nilikuwa nasimamisha, naeleza kwa Kiswahili, ubishi unapamba moto, halafu tunaendelea.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Yonkers ni mji unaopakana na New York upande wa kaskazini. Kwa miongo kadhaa nyumba za umma za mji huo zilijengwa karibu zote upande mmoja, kusini-magharibi, na humo ndimo walimosukumwa weusi na Walatino maskini. Mashariki ya barabara ya Saw Mill River wakakaa wazungu wenye nyumba zao na bustani zao. Mwaka 1980 serikali kuu ya Marekani iliushtaki mji huo, na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kikajiunga kwenye kesi. Mwaka 1985 Jaji Leonard Sand aliamua kwamba ubaguzi huo ulikuwa wa makusudi, na nyumba 200 za umma zikatakiwa zijengwe upande wa mashariki. Lisa Belkin aliandika kitabu juu ya kisa hicho mwaka 1999, na mwaka 2015 HBO wakakitoa kwenye televisheni. Waandishi wa tamthilia ni David Simon na William F. Zorzi, wote wawili waliwahi kuwa waandishi wa gazeti, na hilo linaonekana: hawaruki hatua. Hoja inatolewa, inaungwa mkono, kura zinahesabiwa, mawakili wananong'onezana, na bado unataka kujua nani atanyoosha mkono.

Katikati yuko Nick Wasicsko, anayeigizwa na Oscar Isaac. Ni diwani kijana aliyewahi kuwa polisi. Mwaka 1987 anagombea umeya dhidi ya Angelo Martinelli, mzee aliyekikalia kiti hicho mihula mingi, na anachaguliwa kwa sababu ameahidi kukata rufaa dhidi ya hukumu ya Sand. Ana miaka 28, na wakati ule hakuna meya wa mji mkubwa Marekani aliye mdogo kuliko yeye. Hata hajaapishwa, rufaa inagonga mwamba. Mawakili wa mji wenyewe wanamwambia njia zimekwisha, lazima nyumba zijengwe. Basi waliompigia kura jana ndio wanaomtemea mate leo, wanalitikisa gari lake, wanampigia simu za matusi. Isaac anaicheza hali hiyo kwa mwili mzima. Mtazame anavyokunywa dawa ya tumbo moja kwa moja kwenye chupa katikati ya kazi, huku amevaa suti na anatabasamu kwa wapiga picha. Tuzo ya Golden Globe aliyopewa mwanzoni mwa 2016 alistahili.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hawakumfanya mtakatifu. Mwanzoni haungi mkono nyumba zile kwa kuwahurumia maskini. Anafanya hivyo kwa sababu sheria imesema, naye ni mwanasheria, anajua mji ukiidharau mahakama utakufa. Huruma inakuja baadaye, polepole, na huioni inapoingia. Jirani yetu mmoja, mama aliye kwenye kamati ya LC1, baraza la chini kabisa la serikali za mitaa Uganda, alikuwa anaangalia vile vikao vya makelele kwa uchungu wa mtu anayeijua kazi. Watu wanapopanda juu ya viti na kumzomea meya hadi haisikiki hata nyundo yake, akasema: "Mwanangu, huyu hana askari? Mkutano wa namna hii mimi ningeufunga." Nikamwambia askari wapo, wamejaa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi wamemwacha."

Kipindi cha tatu ndicho kilichowanyanyua watu. Ni mwaka 1988 na madiwani wanne kati ya saba wamekataa kupitisha mpango. Jaji anaanza kuutoza mji faini: dola 100 siku ya kwanza, halafu inajirudia mara mbili kila siku. Madiwani waliokataa nao wanatozwa dola 500 kwa siku kila mmoja. Dola 100 zilimchekesha mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha nguo. Mdogo wangu akachukua simu akapiga hesabu: siku ya kumi, dola 51,200. Siku ya kumi na nne, dola 819,200. Kesho yake zimepita milioni moja na nusu. Kicheko kikaisha. Baadaye mahakama ya rufaa iliweka kikomo cha dola milioni 1 kwa siku, lakini hata hizo ni fedha za kuangusha mji, na orodha za wafanyakazi wa kuachishwa kazi zikaanza kuandaliwa. Septemba madiwani wawili wakageuka, mpango ukapita kwa kura tano dhidi ya mbili.

Hapo ndipo mzee alipouliza swali ambalo mpaka leo tunabishana nalo: hawa wawili waliogeuka, wameogopa faini au wameuonea huruma mji? Tamthilia haijibu. Inakuonyesha jasho lao, inakuachia. Hank Spallone wa Alfred Molina, yule anayetafuna kijiti huku akiahidi kupigana hadi mwisho, hakugeuka, na mwaka 1989 akamwangusha Nick kwenye uchaguzi. Kisha akakaa kwenye kiti kilekile na nyumba zikaendelea kujengwa, kwa sababu hata yeye hakuwa na pa kukatia rufaa. Wapiga kura walidanganywa mara mbili kwa ahadi moja, na sijaona tamthilia nyingine iliyolionyesha hilo kwa uwazi namna hii.

Catherine Keener ni Mary Dorman, mwanamke wa mashariki anayezipinga nyumba hizo. Anapiga simu, anabeba mabango, anakwenda kila kikao. Angekuwa rahisi kuchukiwa, lakini Keener anampa heshima yake. Unamwona kwenye maandamano anageuka kuwatazama wenzake wanaotukana, na uso wake unabadilika. Baadaye anaombwa awe miongoni mwa watu wa kuwasaidia wapangaji wapya wakae vizuri, anakubali, anaingia kwa mara ya kwanza kwenye magorofa ya upande ule mwingine. Haombi radhi hadharani, hatoi hotuba. Anakaa, anasikiliza. Mabadiliko ya mtu mzima huwa hivyo.

Sasa nije kwenye sehemu iliyotugusa sisi hasa. Yuko mpangamiji anayeitwa Oscar Newman, mtu wa kweli, ambaye mahakama ilimteua ashauri nyumba zijengweje. Hoja yake ni ngazi na korido. Kwenye gorofa kubwa, ngazi inayotumiwa na familia nyingi haina mwenyewe. Hakuna anayejua nani mgeni nani mwenyeji, kwa hiyo muuza dawa za kulevya anaweka makao pale na hakuna wa kumwuliza. Newman akasema zijengwe nyumba ndogo ndogo, zitawanywe kwenye viwanja mbalimbali, kila familia iwe na mlango wake wa mbele, ngazi zake ndani, na kipande chake cha ua. Mtu akiwa na mlango wake ataulinda. Wenye fedha na hata baadhi ya watetezi wa maskini walimwona msumbufu.

Mzee aliniambia nirudishe nyuma, akaiangalia tena. Walukuba ilijengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kwa wafanyakazi waliokuwa wakimiminika Jinja, bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 na viwanda vikafuata umeme. Walikuja Wasoga, Wajaluo, Waganda, Waacholi, watu wa Kenya, na ndiyo maana watoto wa hapa wengi wamekulia kwenye Kiswahili. Nyumba zimepangwa kwa safu, kila moja na mlango wake na kibaraza chake, lakini bomba na choo kwa wengi wetu ni vya pamoja. Mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, alisema alichokuwa anasema huyo Newman kwa maneno machache: "Mfagio wa kibarazani kila mtu anao. Mfagio wa choo uko wapi?" Watu walicheka, lakini kweli asubuhi ukipita mstari wetu vibaraza vyote vimefagiliwa, na kule nyuma inategemea nani amechoka zaidi kuvumilia.

Mama huyohuyo ndiye aliyeniondolea maneno mdomoni kuhusu kasoro kubwa ya tamthilia hii. Wapo wanawake wanne wanaoishi kwenye magorofa ya magharibi, na hadithi zao zinakatwa vipande vipande katikati ya vikao vya madiwani. Norma O'Neal anapoteza macho kwa kisukari, na wahudumu wa kumsaidia nyumbani wanakataa kufika anakoishi kwa kuogopa mtaa. Carmen anafanya kazi usiku na mchana na bado anawarudisha watoto kwao Jamhuri ya Dominika. Billie anapata nyumba mpya halafu anaipoteza kwa makosa ya baba wa watoto wake. Doreen anafiwa na mwenzake, anazama kwenye dawa za kulevya, anaibuka, na kuwa kiongozi wa wapangaji. Kila mmoja angetosha tamthilia yake. Lakini kwa vipindi vitatu vya mwanzo tunawaona kwa dakika chache chache, hawajui chochote kuhusu kesi, na kesi haiwajui.

"Hawa wenye kuhitaji nyumba," akauliza, "mbona hakuna anayewauliza wanataka nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Yonkers wanavutana mahakamani, hapa jirani Masese wanawake walikuwa wakijijengea nyumba kwa mradi uliosaidiwa na Denmark, na vifaa vya ujenzi wakivitengeneza wenyewe. Mama yake alikuwamo. Kwake yeye nyumba ya umma ambayo mwenye kuikalia anaijia kwa bahati nasibu, jina lake likichomolewa ukumbini, ilikuwa kitu cha ajabu kabisa. Na mdogo wangu akakumbusha Naguru na Nakawa kule Kampala, makazi yaliyobomolewa Julai 2011 kupisha mji mpya, wapangaji zaidi ya 1,700 wakiahidiwa kurudi. Mazungumzo yakahama kabisa kutoka Marekani, na televisheni ikabaki imesimama kwa muda mrefu.

Nitetee kidogo waandishi: nadhani kuwatenga wanawake wale na ukumbi ni kwa makusudi, ili tuone jinsi wanaoamua walivyo mbali na wanaoamuliwa. Ninaielewa sababu hiyo. Lakini mtazamaji haishi kwa sababu, anaishi kwa watu, na mimi niliwataka mapema zaidi.

Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Nick alikosa kiti chake, akarudi kwenye udiwani, akagombea tena mwaka 1993 na kushindwa, na Oktoba mwaka huohuo alijiua, akiwa na miaka 34. Tamthilia inaanzia karibu na makaburi na inakuandaa tangu dakika ya kwanza, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa tayari. Kabla ya hapo kuna sehemu anapita kwenye nyumba zile mpya, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, anajitambulisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa meya, na wapangaji hawamfahamu. Wanamshukuru kwa adabu na kurudi kwenye shughuli zao. Mama wa LC1 alisema hilo ndilo lililomwumiza kuliko kifo chenyewe.

Kwa anayetaka kuiangalia: vipindi viwili vya kwanza vina majina mengi, vumilia, ukifika cha tatu umeshawajua. Watoto wadogo wasiwepo, matusi ni mengi na yapo ya rangi. Muziki ni nyimbo za Bruce Springsteen, na mara nyingine zinaingia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Usiiangalie kwenye simu, kwani nyuso ndogo za nyuma ukumbini ndizo zinazobeba nusu ya kazi. Iangalie na watu, hasa watu waliowahi kulipa pango kwenye nyumba ambayo si ya mtu binafsi.

Na kama ningekuwa na uwezo wa kuwaongezea saa moja, ningempa Doreen yote, kuanzia siku anapochaguliwa na wapangaji wenzake, tumwone na yeye kwenye vikao vyake, akibishana na mji kuhusu nani anatengeneza nini.