Darasa la takwimu Ngara: asubuhi nzuri, mchana wa haraka

Ninauza dawa Kayole, Nairobi, na swali ninaloulizwa kila siku ni, "Daktari, hii inasaidia kweli?" Ndiyo maana nililipa shilingi 1,500 kwa darasa la Jumamosi la wahudumu wa afya, kule Ngara, ghorofa ya tatu. Nililipa kwa moyo mmoja na sijutii, ila mchana unahitaji kurekebishwa.

Mwalimu hakuanza na fomula. Kila meza ilipewa kadi 107, moja kwa kila mgonjwa wa jaribio la streptomaisini lililochapishwa Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 55 wa kifua kikuu walipewa dawa na kulazwa wapumzike. 52 walipumzika tu bila dawa. Miezi 6 ilipoisha, 4 wa kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na 14 wa la pili. Kwa hiyo kadi 18 zilitiwa alama nyekundu. "Tuseme dawa haina lolote," akatuambia. "Hawa 18 wangefariki tu, wawe kundi hili au lile." Hiyo ndiyo nadharia tete tunayoijaribu. Tukachanganya kadi, tukagawa 55 huku na 52 kule, tukahesabu nyekundu za upande wa dawa. Tisa. Kumi na moja. Nane. Tukarudia tena na tena, meza zote, na ubaoni haikuandikwa nne hata mara moja.

Hapo thamani ya p ikaniingia: kama dawa haifanyi kitu, ni mara ngapi bahati pekee ingeleta tofauti kubwa kama hii au kuizidi? Nesi mmoja akasema basi huo ni uwezekano kwamba dawa haifanyi kazi. Mwalimu akamkatalia kwa upole: tulichanganya kadi tukiwa tumeshachukulia kwamba haifanyi kazi, haziwezi tena kutupa uwezekano wa jambo hilohilo. Maelezo hayo peke yake yanastahili nauli ya kutoka Kayole.

Kisha akaleta jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011: watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliowekewa maji mengi ya dripu kwa haraka walionekana kupata nafuu mapema, lakini ndani ya saa 48 walifariki zaidi: takriban asilimia 10.6, dhidi ya 7.3 ya wasiowekewa. Manesi wa wodi ya watoto waliuliza maswali hadi saa ya chai ikapita, na mwalimu akawaacha waulize. Nilimpenda kwa hilo.

Mchana projekta ikawashwa na mambo yakaenda mbio. Ukubwa wa faida ulipewa slaidi moja tu! Ukipima watu wengi sana, hata dawa inayoshusha presha kidogo mno itapata p ndogo, na mteja wangu anataka kujua itashuka kiasi gani. Wala hatukufundishwa kwamba ukipima mambo 20 ambayo dawa haiyabadilishi, na kuhesabu kila p iliyo chini ya 0.05 kuwa ushindi, unaweza kutarajia moja lionekane "limefaulu" kwa bahati tu. Watengenezaji wa dawa za magoti hupenda kututangazia hilo moja.

Anayehudumu dukani au wodini aende. Anayetafuta kufundishwa programu za kompyuta hatazipata hapo. Chakula hakimo kwenye bei. Chini kuna chapati na ndengu.