Kumtambua nge wa jangwani: picha au kielelezo?

Hapa Tanga, wanafunzi wa baiolojia hubishana kila mara juu ya nge wa Sahara: je, picha yatosha kumtambua, au chahitajika kielelezo, yaani nge mwenyewe aliyehifadhiwa? Picha ni rahisi, nayo hunasa rangi ya nge akiwa hai. Mkia mnene na magando membamba mara nyingi humweka katika familia ya Buthidae, yenye nge wa sumu kali. Spishi, hata hivyo, ni shauri jingine, kwani vinyweleo vya magando na meno ya vichanuo vilivyo chini ya mwili huhesabiwa kwa darubini, juu ya kielelezo kilichohifadhiwa katika alkoholi ya asilimia 70, ambayo huvukia na kudai kuongezwa (joto la pwani halina huruma). Anayetaka tahadhari tu, picha humfaa; anayeandika tasnifu hana budi kutunza chupa.