Fraterniti na sororiti za Marekani: unalipia nini hasa?

Mwanafunzi anayetoka Nairobi au Dar es Salaam akifika chuo kikubwa cha Marekani mwezi wa Agosti, anaweza kukuta vijana wamepanga foleni mbele ya majumba yenye herufi za Kigiriki hata kabla vipindi havijaanza. Hizo ndizo fraterniti, vyama vya wanafunzi wanaume, na sororiti, vyama vya wanafunzi wanawake. Tunazipitia hapa kama huduma ya kulipia, kwa sababu zina ada, zina mkataba, na zina faini.

Tuanze na zenye majumba. Sororiti 26 kubwa ziko chini ya muungano uitwao National Panhellenic Conference, na mchujo wao rasmi kwenye vyuo vingi huchukua takriban wiki moja. Unatembelea nyumba zote, unarudi kwa zile zilizokuita tena, na usiku wa mwisho unabaki na moja au mbili. Kila raundi nyumba zinakata majina, nawe unapanga zako kwa mfuatano, kisha kompyuta inaoanisha pande mbili. Makosa hutokea kwenye fomu ya mwisho. Ukiandika nyumba moja tu na isikuchague, unatoka mikono mitupu. Ukiandika nyumba usiyoitaka ikakupa nafasi nawe ukaikataa, umefungwa: huwezi kuingia sororiti nyingine ya kundi hilo chuoni hapo hadi mchujo mkuu wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo orodhesha zote unazoweza kuishi nazo, na usiongeze hata moja ya kujaza nafasi. Kwa mgeni tunapendekeza njia nyingine kabisa: ngoja baada ya mchujo. Nyumba zenye nafasi hualika watu kimyakimya katikati ya mwaka, kwa mazungumzo ya kawaida, bila wiki nzima ya kubadilisha magauni.

Kuhusu fedha, muhula wa kwanza ndio ghali kuliko yote. Kuna ada ya makao makuu, ada ya kuapishwa, beji, ada ya tawi, mchango wa jengo, chakula, halafu fulana za kila tukio ambazo hakuna anayezitaja mapema. Kukosa mkutano bila ruhusa mara nyingi kuna faini. Nyumba nyingi hukutaka ulale humo angalau mwaka mmoja. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, apige hesabu kwa makini hapa, maana makadirio ya gharama kwenye fomu ya I-20 inayotolewa na chuo hayana ada hizi, na muhula ukiendelea kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki. Omba bili ya muhula wa kwanza kwa maandishi, kipengele kwa kipengele, kabla ya kusaini chochote.

Unachopata kwa fedha hizo kipo kweli. Chuo chenye wanafunzi elfu thelathini kinakuwa na watu mia mbili wanaojua jina lako, meza ya chakula yenye mtu wa kukaa naye, na wakubwa waliokwisha kulisoma somo linalokusumbua. Kwa mtu aliyefika bila ndugu, hilo si jambo dogo.

Ila burudani yenyewe imepangwa vibaya. Sororiti hizo haziruhusu pombe ndani ya majumba yao, kwa hiyo sherehe zinafanyika kwa wanaume. Wao ndio wanaosimama mlangoni, wanaoamua nani aingie, na wanaomimina vinywaji. Sheria zipo: umri wa miaka 21, orodha ya wageni, na tangu 2019 fraterniti za muungano wa North American Interfraternity Conference hazitakiwi kuweka pombe kali majumbani. Sheria hizo zinavunjwa kwenye nyumba za kupanga nje ya chuo ambazo hazikuandikishwa popote. Usikubali kinywaji ambacho hukukiona kikifunguliwa.

Hatari kubwa iko kwenye wiki za mwanachama mpya. Unyanyasaji ambao mamono, wanafunzi wapya wa shule za bweni, wanaujua, Marekani umeua. Kwenye vyuo vya Florida State mwaka 2017 na Bowling Green mwaka 2021, vijana walikufa kwa pombe usiku ambao mwanachama mpya hukabidhiwa mwanachama mkongwe anayeitwa kaka yake mkubwa. Ukiambiwa chupa ni ya kumaliza, ondoka usiku huohuo. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavilazimisha vyuo kuchapisha makundi yaliyopatikana na hatia ya unyanyasaji. Tafuta ripoti hiyo, Campus Hazing Transparency Report, kwenye tovuti ya chuo chako na usome jina la tawi unalolitaka.

Fraterniti na sororiti tisa za Wamarekani weusi, ziitwazo Divine Nine, ni kitu kingine. Fraterniti ya Alpha Phi Alpha ilianzishwa chuo cha Cornell mwaka 1906, sororiti ya Alpha Kappa Alpha (AKA) ikaanzishwa chuo cha Howard mwaka 1908. Kamala Harris ni wa AKA, na Kwame Nkrumah alikuwa Phi Beta Sigma. Matawi mengi hayana jumba. Hakuna wiki ya mchujo: unahudhuria shughuli zao za wazi, unajitolea kwenye jamii, unatunza alama zako za masomo, na kwa kawaida unaomba baada ya mwaka wa kwanza. Ada ya kuingia hulipwa kwa mkupuo. Thamani yake huja baada ya kuhitimu, kwa kuwa matawi ya watu wazima yanaendelea kama chama cha kufa na kuzikana. Kwa Mwafrika anayetaka kukaa Marekani, tunaziweka juu ya zile za majumba. Kasoro ni moja nzito: kipindi cha kuwajaribu wapya (pledging) kilifutwa rasmi mwaka 1990, lakini kinaendelea kwa siri pamoja na unyanyasaji wake, kwa sababu anayeingia kwa utaratibu wa ofisi hubezwa kuwa ni mwanachama wa karatasi. Kubali kubezwa.

Ukiamua kutoka, andika barua ya kujiuzulu kwa tawi na kwa makao makuu, udai jibu la maandishi. Mkataba wa chumba uulizie peke yake, maana mara nyingi kuacha uanachama hakufuti kodi ya mwaka mzima.