Alice wa karata au Alice wa chesi, uanze na kipi?

Vitabu vya Alice viko viwili, na watu wengi wanajua kile cha kwanza tu, cha 1865, Alice anamfukuza sungura mwenye saa anadumbukia shimoni. Kilianza kama stori ya mdomo tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson (ndo huyo Lewis Carroll), mwalimu wa hesabu pale chuo cha Christ Church, Oxford, yuko kwenye boti na watoto wa mkuu wa chuo, na ukikisoma unasikia kabisa jamaa anatunga papo hapo, vituko vinakuja tu bila mpango. Baadhi ya wahusika ni karata, Malkia kazi yake kufoka watu wakatwe vichwa.

Cha pili, cha kioo (Alice anapenya kioo anatokea upande wa pili), kilitoka mwishoni mwa 1871, na hapa ticha wa hesabu kavaa koti lake kabisa. Kitabu kizima ni gemu ya chesi, Alice anaanza kama kitunda, ile kete ndogo ya chesi, anaishia malkia. Kuna pale anamwandikia Humpty Dumpty, yai linaloongea, 365 toa 1, jibu 364, yule yai anaikagua kwa makini huku kashika daftari kichwa chini miguu juu! Hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kwa mtoto chukua cha kwanza, tena kipo kwa Kiswahili, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ila mimi cha kioo ndo narudiaga, hata kama vyote viwili mwisho wake eti ilikuwa ndoto, aah.